Makaburi ya wafalme wa Ming kwa basi la abiria: kwenda na kurudi kutwa moja inawezekana?

BintiNdagoni

Assalamu alaykum jamaani. Humu najua hamkosi mliosoma China au mnaokwenda kule kwa biashara, basi naombeni msaada.

Mie ni muuguzi, niko Pemba. Mwezi wa kumi inshallah nakwenda Beijing wiki tatu kwa mafunzo. Ratiba nimeshaletewa: Jumatatu mpaka Jumamosi ni darasa na wodi, Jumapili mapumziko. Jumapili ya kwanza najijua, nitalala. Ya mwisho ni ya kufunga mizigo. Inabaki ya katikati, na wenzangu wawili ninaokwenda nao wameshasema hiyo ni ya sokoni. Mie nataka kwenda kwenye makaburi ya wafalme wa Ming, yale kumi na tatu nje ya mji.

Msinicheke mpaka mmalize kusoma. Mie mzaliwa wa Ndagoni. Anayepajua anajua kwamba ukiishika njia ya Ras Mkumbuu mpaka nchi inapoishia unakutana na magofu, msikiti na makaburi ya nguzo. Tukiwa wadogo bibi akitupeleka kuokota kuni upande ule. Kwenye makaburi kulikuwa na vishimo vya duara, na mimi nikipenda kutia mkono ndani, unaenea sawasawa. Bibi akasema humo mlikuwa na mabakuli ya Kichina, watu wakayang'oa moja moja mpaka yakesha. Nikamuuliza, Mchina na kaburi la Muislamu wapi na wapi? Akanijibu, "Ulikuwa urembo wao huo, kama wewe na hizo bangili zako." Basi. Nimekua na swali lile, na leo napelekwa bure kabisa kwa wenye mabakuli. Nikirudi na mabegi ya nguo peke yake nitajiona mjinga.

Sasa maswali. Mwenyeji wetu kule ameniambia gari ya kukodi kutwa nzima, bei yake nimeisikia nikakaa chini. Ziara za hoteli ni rahisi, ila nimesoma kuwa wanakuteremsha kwanza kwenye duka la vito, wanakuganda huko saa mbili, kisha kaburini unapewa dakika arubaini. Ndiyo nikauliza, hakuna basi la kawaida la watu? Kichina changu ni kile tulichookota kwa madaktari wa Kichina wa Mkoani: ni hao, xiexie, na "pumua kwa nguvu". Mwanamke peke yangu, nimevaa hijabu, nitasumbuliwa? Na nitawahi kurudi kabla ya usiku?

KahawaTungu

Waalaykum salaam dada. Umekuja penyewe. Nimekaa Beijing miaka mitano nikisoma mambo ya maji, na kule makaburini nimekwenda mara nne: mara moja kwa hiari yangu na mara tatu kwa kuwapeleka wageni waliotoka nyumbani. Mabasi ya kule hayana utingo wa kukuita "mama twende, bado mmoja", lakini ni salama kuliko gari zetu za shamba na hakuna atakayekupakata mtoto wake.

Basi lako ni namba 872. Linaanzia Deshengmen, ule mnara mkubwa wa kijivu uliobaki katika lango la zamani la mji. Panda treni ya chini ya ardhi laini namba 2, shuka Jishuitan, tembea kidogo kuelekea mashariki, mnara utauona mwenyewe. Hapo nisikilize vizuri. Utakuta wanaume wamevaa majaketi kama sare, wengine wamevaa na kitambulisho shingoni. Watakwambia 872 leo halipo, au limeshaondoka, njoo huku kuna gari nyingine. Usiwajibu. Tembea tu mpaka uione namba kwenye kibao na foleni ya wazee wa Kichina wenye mifuko ya mboga. Mgeni wangu wa pili, mtu mzima na ndevu zake, nilimuacha dakika tano nikanunue maji, nikarudi nikamkuta ameshatiwa kwenye teksi.

Nunua kadi ya Yikatong siku ya kwanza unapofika, inatumika kwenye treni na basi. Kwenye basi unaigusisha unapopanda na unapoteremka pia, maana nauli ni ya masafa. Ukisahau kugusisha wakati wa kushuka unakatwa ya safari nzima. Kwa kadi unalipa nusu ya nauli, na nauli yenyewe kamili siku zangu haikuwa ikifika yuan 10. Umeona? Bei ya gari ya kukodi uliyoisikia ukakaa chini, sasa simama.

Safari ni saa moja na kitu, msongamano ukizidi hata saa moja na nusu. Ukiona basi linakutisha kuna njia ya treni pia, laini ya Changping, ina stesheni karibu na huko kisha unamalizia na basi dogo la mtaani. Mie napenda 872 kwa sababu linakufikisha mlangoni bila ya kubadilisha.

Usishuke mwisho wa safari moja kwa moja. Shuka Dagongmen, yaani Lango Kubwa Jekundu. Hapo ndipo njia ya jeneza la mfalme ilipokuwa ikipita, wanaiita Njia Takatifu, na kuna sehemu ya kutembea kwa miguu ina sanamu za mawe pande mbili: wanyama 24 na watu 12, maofisa na majemadari. Kila mnyama yuko mara nne, wawili wamesimama na wawili wamekaa au wamepiga magoti. Kuna simba, ngamia, tembo, farasi na wawili wa hadithi. Ukitokea upande wa pili unapanda basi tena Huzhuang hadi Changling, mwisho wa njia.

Changling ndiyo kaburi lenyewe. Ni la mfalme Yongle, yule aliyehamishia makao makuu Beijing, na ndilo la kwanza kujengwa pale, kazi ilianza 1409. Kuna ukumbi una nguzo 60 za mti wa nanmu, kila moja ni gogo zima bila kiungo, na zile kubwa za katikati mtu mmoja hawezi kuzikumbatia. Mie mtoto wa fundi seremala wa Malindi, nilisimama pale nikanyamaza. Na Yongle ndiye aliyemtuma Zheng He na majahazi yake, Muislamu mwenzetu, mtu wa Yunnan, baba yake alikuwa Haji. Twiga wa Malindi ya Kenya aliyefikishwa kwa mfalme 1415 alipokewa na Yongle huyu huyu. Kwa hiyo kama una salamu za pwani, mpelekee yeye.

Dingling iache. Ndilo kaburi pekee lililochimbwa, kila ziara inakwenda huko, watu wamejaa kama feri ya sikukuu, na ukishuka ngazi chini unakuta vyumba vya mawe vitupu na masanduku matatu mekundu ya bandia. Pesa yako iweke.

Vitu vya kubeba: paspoti yenyewe, si kopi, maana tiketi hununui bila hiyo. Tishu, vyoo vya huko havina. Chupa ya kutia maji, kila mahali utapata maji ya moto lakini ya baridi utayatafuta. Chakula beba, usitegemee. Tafuta duka lenye maandishi 清真, ndiyo halali yao, kwa kawaida na Kiarabu kimeandikwa pembeni. Wauza mikate wa Kiuiguru, Waislamu wa magharibi ya China, wana mkate mkubwa wa duara wenye ufuta, ukiufunga vizuri unakaa kutwa. Mwandikie mtu wa hoteli kwenye karatasi 长陵 na 德胜门, la kwanza la kwendea, la pili la kurudia. Hijabu haina shida. Utapigwa picha sana, na si kwa hijabu, kwa weusi wako.

UtingoMstaafu

Mie China sijafika ila nataka kuuliza, hilo 872 linabeba magunia juu? Dada akipata bakuli la kurudishia kwenye kaburi la Ndagoni atalipakia wapi?

Lakini tuseme kweli, watu wa Unguja mnakwenda kutazama makaburi ya Kichina na Ras Mkumbuu hamjafika hata mmoja. Njooni Pemba. Mkoani mpaka Chake gari namba 603, nauli yenu mtaimudu.

MaalimMakangale

Bi Ndagoni, nimesoma habari ya bibi yako nikafurahi. Nimesomesha historia skuli za kaskazini miaka ishirini na saba, naomba niongeze mawili na nimpinge KahawaTungu kwa moja.

La kwanza, usiende kule ukidhani Yongle na Zheng He ndio walioleta mabakuli ya Ras Mkumbuu. Majahazi ya Zheng He yalitoka mara saba kati ya 1405 na 1433. Makaburi ya nguzo ya kwenu na ule msikiti ni wa karne ya 14, na ukoo wa Ming wenyewe umeshika nchi 1368. Kwa hiyo vyombo vya Kichina vilikuwa vikifika Pemba kabla Yongle hajazaliwa, na havikuja na Mchina. Vilikuwa vikipita mkono kwa mkono, bandari za India, Ghuba, Arabuni, kisha pepo za kaskazi ndiyo zinavileta kwetu. Hata huku Unguja, Kajengwa ya Makunduchi, mwaka 1945 zilifukuliwa sarafu za Kichina, nyingi za enzi ya Song, kabla ya Ming kwa mbali. Vigae vya kwenu wewe mwenyewe utakuwa umeviokota: nikikisia, ni vya kijani zaidi kuliko vya buluu?

La pili, hiyo Dingling. Ni kweli imechimbwa, na kisa chake ndicho kinachonifanya niseme usiipite. Wanachuoni wakubwa wa wakati huo walitaka kulifungua kaburi la Yongle. Wengine wakapinga, wakasema hatuna elimu ya kuhifadhi vitakavyotoka. Wakakubaliana wajaribu kwanza dogo, la mfalme Wanli aliyekufa 1620. Walichimba 1956 mpaka 1958. Milango ya mawe ilikuwa imejifunga kwa ndani: kulikuwa na jiwe refu lililoegemezwa, mlango ukivutwa kwa nje jiwe linateleza na kukaa kwenye kigingi chake. Walilisukuma kwa waya uliokunjwa kupitia ufa. Ndani wakamkuta mfalme na wake zake wawili, na vitu zaidi ya 3,000. Hariri ikaharibika mikononi mwao. Majeneza ya asili yakatupwa 1959 baada ya kutengenezwa ya bandia. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vijana wakaitoa mifupa ya watu watatu wale wakaichoma moto nje. Tangu hapo Serikali ya kule haikutoa ruhusa ya kufungua kaburi jengine la mfalme kwa utafiti tu. La Yongle limefungwa mpaka leo.

Na hapa ndipo ninapompinga ndugu yangu. Vyumba si vitupu. Mbele ya viti vitatu vya marumaru kuna mitungi mikubwa ya kauri ya buluu na nyeupe yenye madragoni. Ilitiwa mafuta ya ufuta na utambi, iwe taa ya milele. Mlango ulipofungwa hewa ikesha, taa ikazimika. Mtu wa Ndagoni, aliyelelewa na mashimo ya bakuli, asishuke kuiona kauri iliyobaki pale pale ilipowekwa kaburini?

KahawaTungu

Maalim nimekubali. Ile mitungi niliiona, nilidhani mapipa ya taka.

BintiNdagoni

Maalim Mungu akuweke. Vigae ni kijani kweli, kijani kama jani la mgomba likianza kukauka. Nyumbani kwetu kimoja kilikuwa dirishani miaka yote, bibi akisema kinazuia husuda.

Swali la mwisho. Kuhusu sala, kule kibla kiko upande gani, na nitaingiaje kwenye makaburi ya wasiokuwa Waislamu, kuna la kusema?

MaalimMakangale

Kibla cha Beijing ni magharibi, si kaskazini kama kwetu, usije ukasali kwa mazoea. Adhuhuri na Alasiri wewe msafiri. Na la kusema kwa wale mabwana, mwenyewe ukazingatie tu, kaburi ni zingatio. Usiiname wala usitupe pesa kama utakavyowaona wenzio.

BintiNdagoni

Assalamu alaykum tena. Nimerudi juzi, bado usingizi wangu uko Beijing. Nimeona niwape habari maana nilikuombeni na mkanijibu vizuri.

Nilitoka hotelini nikishasali Alfajiri, giza halijatoka. Baridi ile siisemi. Nilivaa suruali mbili ndani ya baibui na bado magoti yalikuwa yanagongana. Jishuitan nimefika, mnara nimeuona, na wale wanaume KahawaTungu aliowataja nikawakuta kama waliopewa miadi na mimi. Mmoja ana jaketi la buluu na kibao shingoni, akanitajia kwa vidole, 872 hakuna, hakuna. Nikafanya kama kiziwi. Nyuma yake hatua thelathini tu basi limesimama mlango wazi.

Kosa langu nikalifanya ndani ya basi. Kulikuwa na joto zuri, nikakaa karibu na bibi mmoja aliyebeba vitunguu vya majani, na mie ambaye tangu nifike nilikuwa silali nikalala. Nimezinduka naona watu wengi wanateremka, na mimi nikateremka nao, nikakumbuka kugusisha kadi, nikajisifu. Basi lilipoondoka ndiyo natazama kibao: Dingling. Dagongmen imeshapita zamani na wanyama wake wote. Maalim, kumbe dua yako ilikuwa nzito kuliko ya KahawaTungu.

Nikasema haya, Mungu hakosei. Tiketi nikakata, paspoti ikaangaliwa mbele na nyuma. Unapita ua, mnara wenye jiwe kubwa lililoandikwa, kisha unaanza ngazi. Nilihesabu mpaka mia nikapotelewa. Ni mita 27 kwenda chini, na hewa ya humo ni ya kisima. Mlango mmoja wa jiwe umewekwa wazi uuone, urefu wake mita tatu na zaidi, na lile jiwe la kujifungia. Mie nimewahi kufungiwa ndani na komeo la mti lililoteleza lenyewe, nililijua mara moja, ni akili hiyo hiyo.

Watu ni wengi kweli, wanasukumana na kiongozi ana kipaza sauti kiunoni. Lakini mitungi nikaiona. Iko nyuma ya kioo mbele ya viti vya marumaru, na kati ya vioo noti zimetupwa nyingi, hata sarafu. Ukubwa wake ni sufuria ya pilau ya harusi, ile ya kuazima msikitini. Nyeupe, na dragoni wa buluu anazunguka, kucha zake unazihesabu. Nilisimama mpaka yule mlinzi akanipungia mkono nisogee, nikazunguka nikarudi tena kwa nyuma ya kundi jengine. Nikatafuta, hii ndiyo? Hii ndiyo aina ya kitu kilichokuwa kwenye kishimo changu? Siyo, jamani. Hii ni buluu, ni kubwa, ni ya mfalme, imewekwa chini gizani mtu asiione. Ya kwetu ilikuwa ya kijani, ndogo ya kutosha mkono wa mtoto, na imewekwa nje kwenye jua kila anayepita aione. Na kwa hesabu ya Maalim, ya kwetu ilikuwa imeshawekwa na chokaa imeshakauka huyu Wanli babu yake wa ngapi sijui bado hajazaliwa.

Nikamkumbuka bibi na bangili. Kumbe nimekwenda China kuuliza suali ambalo alishalijibu.

Masanduku mekundu matatu nimeyaona. Niliposoma habari ya mifupa humu nilidhani ni kisa tu, lakini ukiwa pale chini, sanduku ni jipya limepakwa rangi na wewe unajua hamna kitu, linaumiza. Mie kazi yangu ni maiti pia, tunawafunga wenyewe wodini usiku kabla jamaa hawajaja. Sikumwinamia mtu. Nilisema Inna lillahi kimoyomoyo, nikapanda ngazi.

Juu kuna lango la mawe la kutokea. Mama mmoja Mchina, mtu mzima mwenye kofia ya sufi, akanishika bega, akanipangusa mabega yote mawili kama ananitoa vumbi, akasema maneno na kunionesha nami niseme. Binti yake akaandika kwenye simu, ikatafsiri: "Sema, nimerudi." Ndiyo ada yao, ukitoka chini kwa wafu uiambie dunia umerudi. Nikasema "Nimerudi" kwa Kiswahili, nikaongeza Alhamdulillah. Mama akaridhika kabisa. Akanipa tunda moja, ni kama tungule kubwa la rangi ya chungwa, tamu kama embe boribo lililoiva kupita kiasi. Kuanzia hapo njia nzima niliyaona yanauzwa kwa vikapu.

Changling nilikwenda na basi lile lile, si mbali. KahawaTungu, zile nguzo. Sina la kuongeza. Niligusa moja upande ambao hapana kamba, ni baridi na laini kama bao la kusukumia chapati. Katikati kuna sanamu ya Yongle amekaa, ndevu zake hadi kifuani, na pesa miguuni. Nyuma ya yote ni kilima kimezungukwa na ukuta, miti imeota juu kama mivinje, na yeye yumo chini hajaguswa na mtu. Pale hapakuwa na makelele. Nilipata pembe ya ukuta, nikatandika kanga, nikatafuta magharibi kwa jua, nikasali Adhuhuri na Alasiri. Wazee wawili waliokuwa wakipita walinyamaza mpaka nikatoa salamu.

Mkate wa Kiuiguru nimeula hapo. Nusu yake. Ni mkubwa hasa.

Kurudi nikashuka Huzhuang nikaingia Njia Takatifu kwa mlango wa nyuma, jua linapinda. Majani ya miti yamekuwa manjano, watu wachache. Tembo wa mawe wamepiga magoti, magoti ya nyuma yamekunjika sawa kabisa na tembo wa kweli. Kisha wale qilin. Maofisa wa Yongle walipomuona twiga wa Malindi walimwita qilin, mnyama wa heri. Nimesimama mbele ya qilin wa jiwe, ana magamba, ana kwato, shingo fupi kama ng'ombe. Nikamwambia wewe hujapata kumuona twiga. Na mie pia sijapata, Pemba hatuna, kwa hiyo tukaachana.

Hotelini niliingia Magharibi imepita kama nusu saa. Miguu ilikuwa si yangu. Wenzangu wamerudi sokoni na mabegi manne, wakaniuliza nimeleta nini, nikawaonesha mbegu za lile tunda kwenye tishu. Nimezipanda kwenye kopo, sijui kama zitakubali udongo wa Pemba.

UtingoMstaafu

Na bakuli?

BintiNdagoni

Bakuli sikununua. Lakini Ijumaa nakwenda Ndagoni kwa mama, na nitapita Ras Mkumbuu nikatie mkono tena. Siku hizi unaingia mpaka kwenye vidole tu.

KahawaTungu

Kadi ya Yikatong usiitupe, haifi. Nina mpwa wangu anakwenda mwezi wa pili.

BintiNdagoni

Ninayo, ina yuan 11 na senti kidogo. Aje Chake aichukue, au nitampa mtu wa boti. Mwambie akipanda 872 asilale.